Kofi la Pili

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala la kakao pale Kyela mjini, nimevaa suruali ya bluu isiyo yangu na kofia iliyonifika masikioni, nikisubiri kumpiga kofi mwanamume nisiyemjua.

Leo nitaeleza nilivyompiga. Nilimpiga mara mbili. La kwanza sina hofu nalo, hata mbele za Mungu. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni Anyosisye, mke wa Gwamaka wa Ipyana, mama wa watoto wanne, wa kwanza akiitwa Jubilate. Nina miaka arobaini na mitatu. Nilimaliza darasa la saba, nikalima, nikaolewa, vitabu vikaota ukungu, mpaka miaka mitatu iliyopita nilipoanza masomo ya jioni kwa Mwalimu Catheline. Novemba hii, Mungu akinijalia, nafanya mtihani wa maarifa, QT.

Shule hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye picha.

Ridhwani ni kijana wa duka la vitenge. Babu yake alikuja kutoka Tanga na cherehani moja. Marehemu mjomba wake aliwahi kucheza picha ya mapigano huko Dar es Salaam, enzi za kanda, na Ridhwani ameapa kuicheza upya hapa hapa Kyela kabla kanda yenyewe haijaharibika. Ni habari za Mtaa wa Kisu, mtaa wa wahalifu, ambako hata mbwa hutembea wawili wawili kwa woga, mpaka anapohamishiwa askari mmoja mwanamke asiyejua kurudi nyuma.

Askari huyo ni mimi. Nilipewa nafasi hiyo kwa sababu moja tu. Siku ya majaribio nilisoma kurasa nne za skripti bila kukwama, wakati warembo wa mjini walikuwa wanalishwa maneno kama vifaranga.

Tangu hapo ni balaa juu ya balaa, mmezisoma. Mvua iliubeba Mtaa wa Kisu wetu wote, tulioujenga kwa mabati na matairi, kibao chake kikaokotwa Ikolo. Mwenyekiti wa mtaa alitutimua kwa kuwa tuliwaita watu wake wahalifu. Askari wa kweli waliichukua sare yangu. Na wiki iliyopita Telesphory, bwana mifugo kutoka Bukoba aliyekuwa anacheza Bosi wa majambazi, alipigiwa simu na mkuu wake wa kazi: mtumishi wa umma hawezi kuonekana anaiba. Alivua suti katikati ya sini, akaikunja vizuri, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Nilimlilia Mungu. Nilimwambia, Bwana, kama huitaki picha hii, si useme mara moja tupumzike.

Hakusema.

Sasa kuna wasomaji waliopiga simu gazetini wakitaka kujua kwa nini hadithi hii yote nasema "nachora maneno" au "natia wino". Wamedhani sijui Kiswahili. Mmoja alisema mhariri anifundishe. Nitawajibu, kwa sababu bila jibu hilo hamtaelewa yaliyonipata.

Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaiacha njia mpaka apite. Hamsemeshi. Hataji jina lake, wala neno linalofanana nalo. Naye baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe. Siku hizi wengi wameacha, mjini hasa. Nyumbani kwa Gwamaka hatujaacha.

Baba mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Tata, alibatizwa jina la mtume yule aliyekuwa ndugu yake Petro. Na neno la Kiswahili la kutia wino kwenye karatasi linaanza kama jina lile. Basi mwanafunzi mzima wa masomo ya jioni sijawahi kulitamka neno hilo tangu nilipoolewa. Mwalimu Catheline, ambaye ni mtu wa Ruvuma, mwanzoni alinidhania kigugumizi.

Miaka kumi na tisa. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na migomba tu, na ukiniuliza baba mkwe wangu ana pua ya namna gani, sijui. Kanisani yeye anakaa mbele na wazee, mimi nyuma na akina mama, namjua kisogo. Naijua fimbo yake ikigonga ardhi. Naijua miguu yake, na kovu la jembe kwenye kisigino cha kushoto. Na nakijua kikohozi chake. Kina sehemu mbili: kifupi, kisha kirefu chenye kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti. Nikikisikia, natoka njiani. Ndiyo kazi ya kikohozi hicho.

Maneno yake hunifikia kupitia Sylvester, kaka mkubwa wa mume wangu. Sylvester huja mpaka mlangoni, hachuchumai, hakubali kiti. Huanza hivi: "Tata amesema."

Tata amesema mwanamke mzima anayetoka jioni na daftari anatafuta nini huko. Tata amesema mtihani haupikwi ukaliwa. Miaka mitatu hiyo. Nilikuwa namjibu kwa asante ya kwetu, "Ndaga, shemeji," kisha naingia ndani naomba, kisha nachukua daftari langu naenda.

Asubuhi ya siku ile ya kofi, Jumamosi, Sylvester alikuja mapema kuliko kawaida.

"Mama Jubilate. Tata amesema, ukishavuna mpunga, shule basi."

"Shemeji, mtihani ni Novemba."

"Mimi ni mjumbe tu."

Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa tayari. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, labda tatu.

Sikusema ndaga siku ile. Nilisimama na ufagio mkononi mpaka akaondoka. Halafu nikaenda mjini kucheza picha nikiwa na hasira ambayo sikuiungama kwa Mungu. Nilimwona Mungu naye kama mtu wa upande wao.

Ridhwani alitupokea kwa furaha. Alisema amepata Bosi mpya, mzee mmoja amemkuta sokoni, ana uso wa kutisha bure bila kufanya chochote. Alisema mzee mwenyewe amekubali kwa sharti kwamba nyumbani kwake wasijue.

Inabidi mjue pia utaratibu wa Ridhwani. Ukifika kwenye kazi yake, jina lako la nyumbani unaliacha barabarani. Hataki kusikia mama nani wala mzee nani, anasema linatoa watu kwenye roho ya sini. Mimi ni Afande kuanzia asubuhi mpaka jioni. Waimbaji wanane wa besi na teno aliowakodi kwenye kwaya ni Jambazi wa Kwanza mpaka wa Nane. Na mzee yule aliyeshuka kwenye bajaji alikuwa Bosi, basi.

Alishuka amevaa suti ya Telesphory, miwani myeusi na kofia pana. Mguuni alivaa viatu ambavyo mjomba wa Ridhwani alivivaa kwenye picha ile ya kwanza. Ridhwani alivitunza kwenye boksi miaka yote. Kama alikuja na fimbo, Ridhwani alishamnyang'anya, maana Bosi wa Mtaa wa Kisu haegemei kitu.

Hakuongea. Skripti haimpi Bosi hata neno moja katika sini hiyo. Askari anamfuata katikati ya genge lake, anamtazama machoni, anampiga kofi. Bosi anatabasamu tu. Kwenye picha ya zamani, kofi hilo ndilo watu wote wanalolikumbuka.

"Nataka lile lile," Ridhwani alisema, "lakini liwe letu."

Tulianza na majambazi, na majambazi walitusumbua. Mtu wa kwaya hajui kutukana. Niliposukuma Jambazi wa Tatu akaanguka kwenye magunia, badala ya kulaani alisema, "Ndaga." Tukarudia. Akasema, "Samahani." Ridhwani alikaa chini akashika kichwa. Alimwambia, kaka, umepigwa, unakufa, huyu mama ni adui yako. Jambazi wa Tatu akajibu kwamba adui tumeamriwa tumpende.

Ikafika zamu ya Bosi.

Kabla ya kila sini huwa naomba. Natamka polepole, midomo tu: Kyala, Mungu wangu, unisimamie. Niliomba. Nikapita katikati ya majambazi, nikasimama mbele ya yule mzee, nikaitazama miwani yake myeusi. Ndani yake niliona askari wawili wadogo. Nikampiga.

Lilikuwa kofi la kufukuza nzi. Kofia haikutikisika.

Mzee hakutabasamu. Alikohoa.

Kifupi. Kisha kirefu, chenye kukwaruza.

Miguu yangu iliruka pembeni kabla akili haijafika. Niliwapita majambazi wawili, nikajikuta nimechutama nyuma ya toroli la mkaa, kichwa chini, kama nilivyochutama pembeni ya njia miaka kumi na tisa.

"Kata," Ridhwani alisema. "Afande, unakwenda wapi?"

Watu walicheka. Jambazi wa Tatu aliuliza kama mama amesikia haja. Mimi nilikuwa chini, na ukiwa chini unaona miguu. Viatu vya marehemu vilikuwa vidogo kwa mzee yule. Alikuwa amevikanyaga visigino kama kandambili. Na kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na kovu la jembe.

Nilipaswa kukimbia. Nilipaswa kuvua kofia ile, nirudi Ipyana kwa miguu, nikamwambie Gwamaka, nimegusa uso wa baba yako bila kujua, nisaidieni. Mambo yangekuwa madogo. Kuna dawa ya kosa la kutojua, iko katika mila na iko kanisani.

"Tunarudia," Ridhwani alisema. "Jua linatukimbia. Afande, hilo kofi mpe mtoto aliyemwaga unga. Huyu ameua watu kumi na moja. Ameuharibu mtaa mzima. Amekunyang'anya kitu gani? Kifikirie hicho."

Nikakifikiria.

Nataka mnielewe, maana sehemu hii sikuwahi kuisema kwa mtu yeyote kwa sauti kabla ya siku nitakayoisimulia hapa chini. Nilisimama. Nilijua. Nilirudi mpaka mahali pangu nikijua, nikageuka nikijua, nikasubiri Ridhwani aseme ekshen. Nilikuwa na nafasi ya kuhesabu mpaka ishirini. Nilichokuwa nahesabu ni Tata amesema, Tata amesema, Tata amesema.

Kabla ya kofi la kwanza niliomba. Kabla ya kofi la pili sikuomba.

Lilisikika mpaka upande wa pili wa ghala. Kofia iliruka. Miwani ikaanguka.

Nikamwona.

Ana uso wa Gwamaka. Hakuna aliyewahi kuniambia. Ni uso ule ule ninaoamka nao kila siku, ila umezeeka, na macho yamekuwa mepesi kama maji. Alinitazama na mimi nikamtazama, sijui kwa muda gani.

Kisha akatabasamu.

Ridhwani alirukaruka kama mtoto. Alisema hata mjomba wake kaburini amepiga makofi. Mimi sikujua, na mpaka naitoa sehemu hii gazetini sijajua, kama mzee alitabasamu kwa sababu skripti inasema Bosi anatabasamu, au kwa sababu nyingine.

Aliokota miwani mwenyewe. Akapanda bajaji.

Kumbe Jambazi wa Tano alikuwa na simu mfukoni mwa shati. Jioni ile video ilishafika Ikolo, kesho yake Matema. Wakati wa uji wa asubuhi Gwamaka aliweka simu mezani mbele yangu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

Alijibu mwenyewe, kwa kuifunika simu na kiganja.

Gwamaka ni mtu mwema, hilo nilishalisema tangu sehemu ya kwanza. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama nilijua, na kabla sijafungua mdomo akasema bila shaka sikujua, ningejuaje, sura sikuwahi kuiona. Alisema nitaitwa kikao, na kikaoni nijibu neno moja tu.

"Sema hukujua, mama Jubi. Ni rahisi, na ni kweli."

Nilitazama uji. Neno hilo lilikuwa nusu tu ya kweli.

Wito ulikuja na Sylvester, safari hii bila kusimama mlangoni; aliutupia kutoka kwenye migomba. Tata amesema, Jumapili inayofuata, baada ya ibada.

Wiki ile nilienda darasani siku zote, nikidhani ni za mwisho. Sikumweleza Mwalimu Catheline chochote, lakini video alikuwa nayo, kila mtu alikuwa nayo. Alitufundisha namna ya kukabili mtihani. Alisema wanafunzi wengi wazuri wanafeli kwa kujibu swali walilotamani kuulizwa. Jibu lililoulizwa, alisema, na kama lina sehemu (a) na (b), jibu zote mbili. Alisema hivyo akiangalia ubao, lakini mimi nilijua ananiambia mimi.

Nilifunga siku mbili. Niliomba Mungu asiruhusu waulize sehemu (b).

Kikao kilifanyika uani kwa Tata. Yeye alikaa ndani, nyuma ya dirisha lenye pazia, ili desturi isivunjwe mara ya tatu. Mimi niliwekewa mkeka nikielekea jikoni, mgongo kwa dirisha. Sylvester alikaa kwenye kiti na daftari la kikao magotini. Gwamaka alisimama kwenye mgomba.

Sylvester alieleza yote mawili bila kuficha. Kama sikujua, lawama ni ya watu wa picha: nitaleta jogoo, nitaombewa, nitaiacha picha, basi. Na kwa kuwa Gwamaka amemwomba sana, nitaachiwa shule mpaka Novemba. Kama nilijua, sina shule wala nyumba. Nitarudi kwa baba yangu Talatala, nikae huko mpaka wazee wa huko waje kusema nini walichonilea nacho.

Neno moja, na Novemba yangu inarudi. Ndugu zangu, mnaonisoma mkiwa mmekaa vizuri, msinihukumu haraka. Sijawahi kuwekewa kishawishi kikubwa hivyo kwa sauti ndogo hivyo.

"Mama Jubilate. Ulijua ni Tata?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema lile neno. Lilikuwa kwenye ulimi. Kisha nikamsikia Mwalimu Catheline, au nikamsikia Mungu, sauti zao siku hizi zinanichanganya.

"Shemeji, makofi yalikuwa mawili," nilisema. "Unauliza lipi?"

Gwamaka alitoka kwenye mgomba. Alisema mama Jubi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwona mtoto ukingoni mwa kisima.

"La kwanza sikujua. La pili nilijua."

"Ulijua," Sylvester alisema.

"Nilimtambua kwa kikohozi na kwa kisigino. Nilirudi nikampiga nikijua. Nilimpiga kwa ajili ya shule. Miaka mitatu ananikataza, na asubuhi ile aliniletea neno la kunimaliza. Nimemkosea Mungu, nimemkosea yeye. Sitasema sikujua."

Sylvester alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Aliwaambia waliokuwepo kwamba wamesikia kwa masikio yao. Alisema hayo ndiyo masomo ya jioni. Mkewe alikuwa amekaa jikoni anachambua mboga. Mwezi uliopita yeye naye aliniomba nimpeleke kwa Mwalimu Catheline. Aliinua macho, akayarudisha kwenye mboga.

"Afungashe leo," Sylvester alisema, akalifunga daftari.

Ndipo nyuma ya dirisha mtu akakohoa. Kifupi, kisha kirefu.

Miguu yangu ilitaka kuinuka. Nikaizuia kwa mikono.

"Nani amemkataza shule?"

Ile ilikuwa sauti yake. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeisikia katika sala za kanisani tu, na Mungu ndiye aliyekuwa anaambiwa. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

Sylvester aliligeuza daftari magotini.

"Nauliza, nani."

"Tata," Sylvester alisema, "tulizungumza, mimi na wewe, kabla ya..."

"Mimi na wewe tulizungumza mbegu za mpunga."

Sylvester alicheka kidogo. Alisema mzee amechoka, kikao kimekuwa kirefu, jua kali, labda amesahau. Alimwomba Gwamaka amsaidie Tata alale. Gwamaka hakusogea. Alikuwa anamtazama kaka yake kama mtu anayesoma neno gumu, herufi kwa herufi.

Mimi nilikuwa bado nimeelekea jikoni. Lakini mambo yalikuwa yanajipanga kichwani, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulinichoma. Miaka mitatu. Kila "Tata amesema." Nilikuwa nimempiga mzee wa watu kofi la jambazi kwa maneno ambayo hakuyasema.

Mlango ulifunguka.

Niliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Nilisikia fimbo. Iligonga, ikagonga, haikupita pembeni. Ikaja moja kwa moja. Miguu ikasimama mbele yangu, hatua moja, kisigino cha kushoto na kovu lake. Desturi yote niliyoijua iliniambia ondoka. Lakini ni yeye aliyenijia, na kwa hilo sikufundishwa la kufanya.

"Sylvester, lete hilo daftari."

Daftari likawekwa kwenye mkeka, limefunguliwa ukurasa mweupe. Juu yake ikawekwa kalamu ya bluu, imetafunwa mwishoni.

"Miaka kumi na tisa," alisema Tata, na mara hii hakuwa anamwambia mtu mwingine aniambie, "maneno yangu yamekuja kwako kwa miguu ya mtu mwingine. Sikujua yanabadilika njiani. Leo yatapita kwenye mkono wako mwenyewe, ukiwa na watu hawa wote mashahidi. Nitakwambia nilikujua kwenye kofi lipi. Nitakwambia na kwa nini nilibaki pale."

Akakohoa.

"Andika."

Mke wa Sylvester aliacha mboga zikaanguka.

"Andika, mwanangu. Anza na jina langu."

Nilichukua kalamu. Nilisema moyoni, Kyala, unisimamie, na safari hii sikusahau. Kisha nikaanza herufi ya kwanza. Mstari mmoja wa kupanda. Mstari mmoja wa kushuka. Umebaki ule wa katikati, mfupi, wa kuunganisha.

Mguu ukatua juu ya karatasi, ukaukanyaga na mkono wangu.

Miguu ya watu wa nyumba ile naijua yote. Huo haukuwa wa Tata; ulikuwa ule uliosimama mlangoni pangu miaka mitatu.